Pingamizi Kutoka Upande wa Pili

Jumamosi nilikuwa harusini mtaa wa Mbotela, katika kanisa la mabati lililopakana na kanisa lingine la mabati. Mchungaji akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Ghafla spika zetu zikanguruma: "Toka kwa maisha ya huyu dada! Jina lako nani?"

Bwana harusi akaachilia mkono wa bibi harusi.

"Si mimi nimesema!" mchungaji akajitetea, maiki yake isiyo na waya ameiinua juu kama mtu anayesalimisha bunduki.

Fundi wa spika alikuwa anacheka. "Pasta, tulia. Jirani wanatoa pepo. Kila maiki ina upana wa bendi, yaani kipande cha mawimbi inachojaza hewani. Yao imepanda juu ya yetu. Wacha nisogeze yetu kando."

Sisi wa mitaa ya Eastlands tumezoea kugawana ukuta, mfereji na choo. Kumbe hata hewani kuna ploti ya wapangaji, na imejaa.

Fundi akainama abadilishe. Shangazi wa bibi harusi akamdaka mkono, macho kwa bwana harusi.

"Ngoja kwanza," akasema. "Tusikie huyo pepo anaitwa nani."