Rekebisho Lililoitwa Usafi

Jirani yangu wa meza tulimwita Kimya, maana siku nzima ungesikia vidole vyake tu. Tunatengeneza programu inayopiga hesabu za dozi hospitalini, na kila badiliko tunaliandikia ujumbe mfupi. Neno la kwanza la ujumbe ndilo amri. Ukiandika "rekebisho", mtambo unatoa toleo jipya na kulipeleka hospitali zote kumi na tisa, pamoja na ujumbe wenyewe. Ukiandika "usafi", mtambo unajua umefagia ndani tu, hautoi kitu.

Jumatatu saa tano na nusu simu yake ililia. Alikuwa mdogo wake, muuguzi wa wodi ya watoto.

"Dada, ndiyo kwanza naingia zamu. Programu yenu inataka nimpe mtoto wa kilo nane dozi mara mbili ya ninayoijua. Daktari anasema kompyuta haikosei. Na dawa ni saa sita!"

"Hilo nililirekebisha Ijumaa," Kimya akajibu. "Ngoja... usimpe! Usimpe mtoto yeyote!"

Akafungua kumbukumbu za mtambo, nami nikachungulia. Ijumaa, saa tisa: "usafi: kupanga hesabu". Toleo: hakuna.

Damu ilinichemka. "Watoto wanapewa dozi maradufu, wewe unaita usafi?"

"Kosa lilikuwa langu, la Alhamisi," akasema. "Ujumbe wa rekebisho unasomwa na kila mtu. Niliona haya. Nikadhani rekebisho litatoka tu pamoja na kazi za wengine."

Jamani! Wikendi nani angetoa toleo? Nilitaka kumpasha, ila muda haukuwepo. "Andika ujumbe mwingine," nikamwambia. "Na safari hii andika ukweli."

Aliandika, akafuta, akaandika tena: "rekebisho: dozi za watoto chini ya kilo kumi zimekuwa zikitoka maradufu tangu Alhamisi. Kosa ni langu." Akabonyeza. Mtambo ukaanza majaribio yake, dakika kumi na nane, na haubembelezeki. Nikashika simu niziwahi hospitali. Ya kwanza haikupokea, ya pili wakaniambia nisubiri. Kimya alikodolea macho kioo, shati limemganda mgongoni. Saa sita kasoro dakika nne, hospitali zote zikageuka kijani kiooni: toleo limefika. Nusura nimkumbatie, pamoja na hasira zangu zote.

Simu ikalia tena.

"Limeingia, dada. Na ujumbe wako nimeusoma. Yule mtoto salama." Mdogo wake akafunua karatasi. "Lakini hapa nimeshika mafaili ya Jumamosi na Jumapili. Kuna wawili hawaamki vizuri tangu jana. Wenzangu waliandika ni homa."

Kimya alifumba macho. Hofu ilinishika hata mimi nikasahau ugomvi wangu.

"Mpe daktari simu," akasema. "Nimwambie mwenyewe."