Mjozi wa Nedyalka

Kwetu Brestovo mtu mwenye akili zake hapandi mjozi. Jozi zenyewe tunazipenda, tunazitia kwenye keki na tunazila na rakia, pombe yetu kali ya matunda, lakini kupanda tunawaachia kunguru, au wazee waliokwisha kuagana na wajukuu. Kila mtu anajua: aliyepanda mjozi hufa siku shina likifikia unene wa kiuno chake. Nedyalka alikuwa na miaka thelathini na mitano alipouchimbia shimo nyuma ya nyumba yake, mchana kweupe, majirani tukimtazama juu ya ua.

Alikuwa mtaalamu wa udongo. Alifanya kazi kwenye kituo cha utafiti upande wa Plovdiv, akirudi jioni kwa basi na vifuko vya udongo kama wenzake wanavyorudi na mkate. Tulimwita Profesa, na msidhani ilikuwa heshima.

Mimi ni jirani yake, Manol, na nilikuwa mbishi kuliko wote. Mwaka mmoja nilikata tawi kubwa la mpeasi wa marehemu baba, nikapaka lami pale nilipokata. Akanikuta na kopo mkononi.

"Manol, hiyo lami ya nini?"

"Kidonda hufungwa, dada."

"Kidonda cha mtu. Mti unajijengea ukuta wake ndani kwa ndani. Ukiupaka lami unafungia unyevu, na kuvu wanakushukuru."

"Baba alipaka miaka yote."

"Na miti yake imebaki mingapi?"

Ulikuwa umebaki huo mmoja. Baada ya miaka sita ukawa umeoza wote. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na yeye hakuniambia.

Hivyo ndivyo alivyokuwa, na hakuchagua wa kumkosoa. Tulinyunyizia nyanya mrututu, dawa yetu ya ukungu, kila Jumamosi mpaka majani yakawa ya bluu. Akatuletea karatasi kuonyesha kwamba shaba ya mrututu haiozi wala haiondoki, inarundikana udongoni, na ndiyo maana kwenye bustani za zamani hakuna minyoo. Tulisema matone ya maji ya mchana huunguza majani. Akamwagilia tuta lake saa sita kamili siku arobaini, na jani halikuungua hata moja. Asubuhi ni bora, alisema, kwa sababu jua halijanyang'anya maji, basi. Kwa kila jambo aligawa tuta kwa kamba, nusu kwa desturi yetu, nusu kwa njia yake, akatuita tuje kuona. "Usiniamini mimi," alikuwa akisema. "Pima." Wengi wetu hatukwenda. Inaudhi kuonyeshwa na jirani kwamba umekuwa mjinga tangu utotoni.

Mumewe, Trayko, alikuwa dereva wa trekta, mtu mpole asiyebishana hata na mbwa, na aliamini kila kitu tulichoamini. Kila mwaka wiki ya Pasaka alipaka shina la mjozi chokaa, kutoka ardhini hadi magotini. Hata hilo Nedyalka hakuliacha lipite.

"Trayko, chokaa hukinga gome lisipasuliwe na jua la majira ya baridi. Paka Novemba. Sasa unapaka ili wageni waone."

"Napamba tu, mke wangu."

Na kila Oktoba Nedyalka aliuzungushia mti futi ya fundi cherehani, akaandika. Trayko alisimama kando na kofia mkononi. "Ngapi?" aliuliza. Akishatajiwa, jioni ile alimwongezea mkewe kipande cha banitsa, ile pai yetu ya jibini.

"Kula. Umekonda."

"Nimenenepa tangu mwaka jana."

"Kula tu, bibi."

Tuliwacheka. Tulisema Trayko anamnenepesha mkewe kama bata ili mti usimfikie. Nedyalka naye alicheka, na alikula.

Miaka ikaenda hivyo. Walistaafu wote wawili. Nedyalka akaugua tumbo mwaka mzima, akapona, lakini mwili haukurudi. Oktoba iliyopita shina lilikuwa sentimita themanini na moja, na yeye mwenyewe, kwa kuwa mambo hayo hakuyaficha, akatuambia kiunoni ana themanini na tatu.

Mwezi huohuo Trayko akaanza kuishiwa pumzi. Daktari wa Plovdiv alisema ni vali ya moyo, apasuliwe kabla theluji haijaanguka, na akichelewa hakuna wa kulaumiwa. Trayko akakataa. Hakusema anaogopa kisu. Alisema, "Siendi nikakuacha na huo mti."

Wiki tatu Nedyalka alibishana naye. Nilikuwa nikisikia kutoka uani kwangu. Alimtajia mwanamke wa kijiji cha pili aliyepanda mijozi arobaini na sasa ana miaka tisini na moja. Alimweleza imani yenyewe ilikotoka: mjozi hukua polepole, ukiupanda ukiwa mtu mzima, shina likija kunenepa wewe umeshazeeka, na wazee hufa. Trayko alisikiliza mpaka mwisho.

"Najua unajua," alisema. "Siendi."

Midomo yake ilikuwa imeanza kugeuka rangi. Ngazi tano za nyumbani alizipanda kwa vituo viwili.

Asubuhi moja Nedyalka akaja mlangoni kwangu. "Manol, leta msumeno wako wa injini."

"Wa nini?"

"Ukate mjozi."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nakiri nilisikia uchungu, mimi niliyemcheka miaka yote. "Dada, kijiji kitasema umeogopa."

"Waseme."

"Miaka yote hii umetupigia kelele, leo uwape ushindi?"

"Mti naweza kupanda mwingine," alisema. "Twende kabla hajaamka."

Watu walikusanyika kwa mlio wa msumeno. Bibi Stoimena, ambaye ulimi wake haujawahi kupumzika, akasema kwa sauti, "Kumbe Profesa naye anapenda kuishi." Nilimtazama Nedyalka. Kwa desturi angemjibu kwa tarakimu na mwaka. Alinionyesha kwa kidole pa kukata.

Nilikata chini, karibu na ardhi. Katikati ya shina unga wa mbao ukaanza kutoka na chembe nyekundu zinazong'aa. Nikazima mashine. Nikabandua chokaa kwa kisu, tabaka juu ya tabaka, na chini yake kulikuwa na vichwa vya misumari. Misumari ya shaba. Kwetu wanasema msumari wa shaba ukipigwa kwenye mti, mti hufa. Tuliyoiona kwa macho ilikuwa tisa. Mingine mti ulikuwa umeimeza, niliikuta mchana ule nilipomaliza kuuangusha na kupasua gogo. Jumla ishirini na sita.

Nedyalka alipiga magoti akaigusa mmoja mmoja. "Kila Pasaka," alisema. Kisha akakaa palepale kwenye majani yenye umande, akalia mbele ya kijiji kizima, na hata Stoimena aliondoka bila neno.

Trayko alikuwa amelazwa na vidonge vya daktari; alipoamka alitazama dirishani kwa muda mrefu, kisha akaomba apigiwe pasi shati lake jeupe. Kesho yake niliwapeleka Plovdiv kwa gari langu.

Nilikuwa chumbani hospitalini wauguzi walipokuja kumchukua akapasuliwe. Alikuwa amelala kwenye kitanda cha magurudumu, amemshika mkewe kidole kimoja.

"Misumari yangu umeiona?" aliuliza.

"Nimeiona."

"Ilisaidia kitu? Wewe unajua mambo haya. Niambie kweli."

Nilitazama sakafu. Gogo nililipasua mwenyewe. Mbao ilikuwa nzuri kama ya kutengenezea meza ya harusi. Kila msumari ulikuwa na doa jeusi lisilozidi kifungo cha shati, na kulizunguka doa mti ulikuwa umejifunga ukaendelea kukua.

"Ulikuwa umeoza hadi moyoni," alisema Nedyalka. "Wewe ndiye uliyeuua. Mwakani ungeanguka wenyewe."

Trayko akacheka kidogo, kwa pumzi aliyokuwa nayo. "Na wewe unatwambia mambo ya wazee ni upuuzi."

"Nilikosea," alisema.

Miaka thelathini nimeishi ukuta kwa ukuta na mwanamke yule, na neno hilo sikuwa nimelisikia kinywani mwake. Trayko alisukumwa kwenda ndani akiwa bado anatabasamu. Saa nne baadaye daktari alitoka akiwa amevua kofia, tukaelewa kabla hajazungumza.

Njiani kurudi Nedyalka alishika lile shati mapajani, limekunjwa vizuri. Tulipofika kwenye kona ya mizabibu, kijiji kinapoonekana, akasema, "Manol, ule mti ulikuwa mzima."

"Najua, dada."

"Misumari ya shaba haiui mti. Mtu akikuuliza, mwambie kweli." Akalainisha kola ya shati. "Lakini ngoja kwanza azikwe."

Tulimzika Alhamisi.