Zamu ya Mama Zawadi

Wewe unayefunga na kumwombea jirani yako, kazi yake umemwachia nani?

Mama Zawadi, mjane na mwanakwaya wa kanisa letu dogo hapa Ikwiriri, analima mpunga bondeni, mpaka mmoja na Bi Ashura. Huyu Mkristo, yule Mwislamu, na kwa miaka kumi na miwili wameamia ndege, wakiwafukuza kwa zamu: leo mmoja yuko juu ya dungu, kile kichanja cha mlinzi wa shamba, akigonga debe lake, kesho mwenziwe. Mume wa Bi Ashura alipofariki, Mama Zawadi ndiye aliyepika matangani hadi siku ya mwisho. Sijaona mtu wa kumzidi kwa upendo.

Juzijuzi mjukuu wa Bi Ashura alilazwa Kibiti kwa homa kali. Bibi akaenda naye bila wasiwasi wa shamba. Si mwenzake yupo? Lakini Mama Zawadi akaweka nadhiri kwa ajili ya mtoto huyo: siku tatu bila kula wala kunywa, bila kutoka kanisani.

Siku ya tatu ndege, kwelea, wakashuka kwa makundi. Nikakimbilia kanisani.

"Mama, ndege wameingia shambani!"

"Mpunga wangu nimemtolea Bwana, mwanangu."

"Na wa Bi Ashura? Ulimwuliza?"

Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa kiu. "Nikivunja nadhiri, mtoto akafa, wewe utamwambia nini bibi yake?"

Nikarudi nyuma hadi mlangoni. Mimi, mwenye shahada, ninayewafokea vijana kila Jumapili kwamba imani bila matendo imekufa!

Nikaenda kugonga debe mwenyewe. Mzee Sadala, wa shamba la pili, akanipigia kelele: "Mwalimu, unawapigia ngoma? Watacheza hao! Na yule mama kampa Mungu zamu yake?" Nikiwafukuza huku, wanatua kule. Hadi jua linazama sauti ilikuwa imenikauka, na masuke yamebaki makapi.

Asubuhi yake, nadhiri imekwisha, nilimkuta Mama Zawadi juu ya dungu, mkono mmoja umeshika nguzo asianguke, mwingine ukigonga debe. Hapakuwa na ndege hata mmoja. Bi Ashura alikuwa ameteremka basi la kwanza, mjukuu mgongoni, mzima, akiuchekea mlio wa debe. Alisimama kwenye tuta akautazama mpunga wake.

"Basi, mwenzangu," akasema. "Shuka. Wameshashiba."

Mama Zawadi akaendelea kugonga.