Sungura Aliyekimbizwa Mpaka Mwembe Tayari

Mtu akipigwa na watu wengi, hapigi kelele kwa muda mrefu kama unavyodhani. Mwanzoni hulia, huapa, humtaja mama yake. Baadaye sauti unayoisikia si yake tena. Ni ya mbao na viatu, na ya pumzi za wanaopiga, maana kumpiga mtu ni kazi na huchosha. Naijua sauti hiyo. Niliisikia Mwembe Tayari, Jumamosi ya siku ya pili ya Idi, nikiwa na helmeti kichwani juu ya mtandio na mikono bado imeshika breki. Aliyekuwa chini ya viatu hivyo alikuwa mume wa mdogo wangu.

Nitaeleza polepole. Kisa hiki kimesimuliwa mbiombio katika kila baraza ya Mji wa Kale, na kila baraza imekipinda kidogo.

Sisi ni kikundi kidogo cha mtaani, kaka yangu, majirani wawili na mimi. Tuna baiskeli nyepesi za barabarani, zile za matairi membamba na usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Hatushindani na mtu. Siku za mapumziko hutoka baada ya sala ya alfajiri, tukakizunguka kisiwa kabla jua halijakasirika, kisha tukarudi kunywa chai. Kama hujawahi kuendesha katika kundi, usiogope, si jambo gumu. Wa mbele hukata upepo, walio nyuma yake hupumzika, halafu hubadilishana. Wa mwisho kabisa huitwa mkia. Kazi yake ni kuhakikisha hakuna anayeachwa. Mkia ni mimi, mwalimu kwa kazi, kwa sababu napenda kufundisha na sioni aibu kwenda taratibu na mgeni.

Tunayo desturi moja, nayo ndiyo iliyotufikisha pale. Mtu mpya, Idi yake ya kwanza nasi, hufanywa sungura. Tukifika Makupa, penye barabara kuu ya malori, twamwacha atangulie peke yake. Akishapotea kidogo machoni, sisi sote twamkimbiza hadi mlango wa Mji wa Kale. Asipokamatwa, hukalishwa kwenye mkeka mbele ya watu wazima na sisi ndio tunaomwandalia mahamri na mbaazi. Akikamatwa, huandaa yeye. Kila mtu amewahi kuwa sungura, hata mimi, na sikukamatwa.

Masungura wote wa miaka iliyopita walikuwa watu wa mtaa wetu, wenye sura kama zetu na nguo kama zetu. Hilo hatukuwahi kulitazama.

Shemeji yangu ni mtu wa Kwale, karani katika ofisi moja ya Mbaraki, mweusi wa kung'aa, mrefu, mwenye miguu ya mtu aliyekulia milimani. Alikuwa amemwoa mdogo wangu mwaka huo. Nyumbani kwetu walikubali, lakini kukubali nako kuna namna zake. Shangazi zetu walimpa chakula kizuri na wakamsemesha kwa adabu ile wanayowawekea wageni. Yeye aliielewa. Ndiyo maana kaka alipomwalika kwenye safari ya baiskeli ya Idi alifurahi mno. Kaka naye, mwenye duka la vitambaa, mtu mkweli kiasi cha kumwambia mteja kwamba rangi itachuja, alimwazima baiskeli yake mpya nyekundu, akapanda mwenyewe ile kuukuu. Hatukuwa na jezi ya kumtosha shemeji, akaja na fulana iliyopauka na kaptura ya zamani. Helmeti ilimbana, akaiacha.

"Shemeji," kaka alimwambia tulipokuwa tukiondoka Kibokoni, "leo utaitapika biriani yote ya jana."

"Nyinyi watu wa hapa mwaogopa jua mpaka mwaendesha gizani," akajibu. "Mie nikiwaacha, msije mkasema nimepotea."

"Maneno hayo hayakanyagi pedeli, yakhe."

Tulipita Ngomeni, tukashuka Ganjoni, tukazunguka Mbaraki, na shemeji akainyoshea kidole ofisi yake iliyofungwa, akaitolea ulimi. Kutoka hapo tukaelekea Makupa.

Makupa haina huruma hata siku ya Idi. Lori likikupita karibu kwanza hukusukuma, halafu hukuvuta, na asiyejua hukaza mikono wakati anapotakiwa kuilegeza. Asubuhi ile utingo mmoja alijitokeza mlangoni akampiga kaka kofi la mgongo, gari likienda, akacheka. Kaka aliyumba hadi ukingoni. Mbele kidogo kioo cha matatu kilimparuza shemeji kiwiko, damu ikatiririka hadi kwenye saa. Nikamwuliza kama atarudi nami.

"Kwa mkwaruzo huu?" akasema. "Shemeji, mie leo ni sungura."

Tukamwachia. Aliondoka kama jiwe la manati. Majirani wawili walikuwa wakicheka kwa kuona vile miguu yake ilivyokuwa ikizunguka, kaka akapaza sauti, "Haya, twende!" na wote watatu wakainama juu ya usukani. Mimi nikafuata nyuma, kwa mwendo wangu.

Sasa hebu simama kando ya barabara pale Mwembe Tayari, uwe mchuuzi ambaye wiki iliyopita aliibiwa simu. Waona mtu mweusi wa fulana iliyopauka, kiwiko kinavuja damu, juu ya baiskeli nyekundu inayong'aa, akigeuka kila mara kutazama nyuma. Nyuma yake waona watu watatu wenye helmeti, miwani na jezi za rangi moja, nyuso za watu wa Mji wa Kale, wakimkimbiza kwa nguvu zao zote. Huhitaji kuelezwa. Hakuna kati yetu aliyetamka neno. Neno lilitoka kibandani, "Mwizi!" na likakimbia kuliko baiskeli yoyote.

Hamali mmoja aliugeuza mkokoteni wake ukakaa katikati ya njia. Shemeji alifunga breki zote mbili, akaugonga ubavuni, akaruka juu yake, akaangukia uso. Hakupewa nafasi ya kuinuka. Wa kwanza alimpiga teke la mdomo. Wa pili alikuwa na ubao wenye msumari. Halafu wakawa wengi, na mtu akiingia katika kundi kama hilo haulizi, huangalia tu pahali palipobaki wazi apate kugusa.

Kaka alifika kabla yangu. Haya yaliyofuata nimeyasikia kwake mara nyingi, na mwisho wake nimeuona mwenyewe. Watu walimpisha kwa heshima. Mtu mmoja wa makamo alikuwa ameshaiinua baiskeli nyekundu na kuifuta vumbi kwa mkono wa kanzu.

"Tumekushikia, shekhe," akasema. "Ringi imepinda kidogo tu. Idi njema."

"Muacheni!" kaka alipiga kelele. "Muacheni, si mwizi huyo!"

Mikono ilisimama. Nataka ulijue hilo, kwamba ilisimama. Kijana mwenye ubao akageuka, kifua kikimpanda na kumshuka.

"Si mwizi? Baiskeli hii ni ya nani?"

Na kaka yangu, ambaye hajapata kumdanganya mteja, alijibu alivyozoea kujibu.

"Ni yangu, lakini nime..."

"Mwasikia? Mwenyewe asema ni yake!"

Hiyo "lakini" haikusikiwa na mtu. Wakarudi kazini kwa nguvu mpya, maana sasa walikuwa na ushahidi. Kaka alijaribu kupenya akasukumwa. Akasema ni shemeji yake, mmoja akacheka, "Shemeji yako, huyu? Kesho utatwambia ni nduguyo!" Mwingine akamwonea huruma: "Nyinyi mwaogopa mambo ya polisi. Nenda zako, babu, sisi twamaliza hapa hapa." Na kutoka nyuma sauti ikaagiza tairi la kumchomea. Jirani yetu mmoja alipigwa ngumi ya kidevu kwa kumshika mtu mkono, akakaa chini kama aliyechoka.

Hapo ndipo nilipofika mimi, mkia.

Nilifanya ninachojua kufanya, nikaeleza. Nilimshika bega mtu aliyekuwa pembeni, nikaanza kwa sauti ile ile niwapayo wanafunzi wangu, "Kaka, nisikilize, huu ni mchezo wetu, yule wa mbele twamwita sungura..." Alinitazama kana kwamba nimerukwa na akili, akageuka kuendelea kutazama. Kati ya miguu yao nikauona mkono wa shemeji ukikunjuka na kukunjika mchangani. Nikachomoa pampu ya baiskeli, nikampiga nayo mtu wa karibu puani. Damu ilimtoka mara moja. Sikumjua na simjui. Nikampiga wa pili shingoni, nikainama, nikapita kwa magoti na viwiko hadi nikamfikia, nikalala juu yake.

Ubao ulinipata mgongoni. Helmeti ilipasuka kwa kitu kingine. Sikuwa na muda wa ukweli.

"Mume wangu!" nikalia. "Mwaniulia mume wangu!"

Sijui lilinitoka wapi. Lakini mwanamke wa Mji wa Kale aliyelala juu ya mtu barabarani akimwita mumewe ni kitu ambacho hawakuwa na pahali pa kukiweka. Mama mmoja muuza viazi karai alitupa kijiko chake, akaja akipayuka, "Ni mke wake huyo! Yuwafa mtu hapa! Mna dini nyinyi?" Akawa akiwapiga kwa kanga iliyokunjwa, kama mtu afukuzaye paka.

Umati hauondoki wote kwa pamoja. Huyeyuka kutoka nje kuja ndani. Waliokuwa nyuma wakakumbuka shughuli zao, wa katikati wakajikuta wao ndio wa nyuma, na wale wa ndani, wenye damu, wakaangusha walichoshika. Mmoja wao aliokota kiatu cha shemeji kilichochomoka, akakiweka vizuri karibu na mguu wake, akaenda zake bila kututazama.

Dereva wa tuktuk alikataa kumbeba kwa sababu ya viti. Kaka, ambaye sijapata kumwona akigombana na mtu, alimvuta shati kupitia mlangoni hadi vifungo vikakatika, akamwambia ataendesha au ataendeshwa. Akaendesha. Njia nzima shemeji alikuwa amelala mapajani mwangu, mdomo umejaa meno yaliyolegea, nami nikimweleza jinsi ya kupumua kwa pua, kidogo kidogo, vuta, toa, vizuri sana, tena. Alinitii kama mwanafunzi. Pua ilikuwa imevunjika, lakini tundu moja lilipitisha hewa.

Aliishi. Nakwambia mapema usije ukasoma yaliyobaki kwa hofu. Taya lilivunjika na mbavu pia, na kuhusu jicho la kushoto madaktari walisema tungoje kwanza uvimbe ushuke. Mdogo wangu alifika hospitali na nguo za Idi, hina mpya mikononi. Hakulia. Aliniuliza ni kweli nimesema barabarani kwamba ni mume wangu, nikasema ndiyo, akaushika mkono wangu akaukaza hadi ukauma.

Kaka hakukaa. Nilidhani amekwenda kumpasha mama habari.

Jumapili asubuhi alikuja wodini akiisukuma baiskeli nyekundu. Muuguzi alimfokea, akaibeba begani akaingia nayo hivyo hivyo. Alikuwa ameshainyosha ringi, ameiosha. Vifundo vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimechubuka na kuvimba. Aliiegemeza kwenye kitanda.

"Shemeji," akasema, "baiskeli hii ni yako."

Mdogo wangu alikuwa akimlowesha mumewe midomo kwa pamba. Hakuinua kichwa.

"Ungelisema jana," akasema.

Kaka, kwa vile hakuwa na kingine cha kuleta, akaleta kile alichokuwa nacho. Alisema tusiwe na wasiwasi, jambo limelipwa. Jana alasiri yeye na majirani na wengine wa mtaani walirudi Mwembe Tayari. Walimpata mwenye mkokoteni. Hakuweza kutembea walipomwacha.

Mikokoteni Mwembe Tayari ni mingi. Nililifikiria hilo, nikanyamaza, kwa kuwa uso wa kaka ulikuwa wa mtu asiyeweza kuelezwa kitu.

Shemeji alifanya ishara kwa kidole ili asogee. Taya lilikuwa limefungwa, maneno yakitoka kati ya meno kama ya mtu aliye usingizini, ikabidi sote tuiname.

"Ulikuwa wa rangi gani?" akauliza.

"Nini?"

"Mkokoteni."

Kaka alifungua mdomo. Nilimwona akitafuta, kwa uaminifu, vile anavyolitafuta jora rafuni analojua aliliweka mwenyewe. Akamtazama mdogo wetu, akanitazama mimi. Akasema hakuangalia rangi.

"Bluu," shemeji akasema. "Na alikuwa mzee. Ana mvi."

"Huyu hakuwa na mvi," kaka akasema polepole. Ilikuwa kweli, na aliisema mwenyewe, bila kuulizwa.

Nje watoto walikuwa wakipuliza vipenga vya Idi. Kaka alikaa chini sakafuni, karibu na gurudumu la mbele, akafunika uso kwa ile mikono iliyochubuka. Nilimwekea mkono begani, kwa sababu ni kaka yangu, na kwa sababu najua pampu yangu nayo haikuuliza.

Shemeji aligeuza jicho lake zima kwa mkewe.

"Nipeleke kwetu," akasema. "Kwale."

"Ukipata nafuu."

"Sasa."

Mdogo wangu alimtazama, kisha akafungua kabati dogo la kando ya kitanda na kuanza kukunja nguo zake, moja moja. Akaniomba nikatafute gari ambalo halitaruka sana kwenye mashimo.