Nilimfufua baba yangu ili niuziwe mbwa

Admin, shikamoo kama umenizidi, mambo kama tunalingana. Jina langu lifiche na duka usilitaje, maana Kariakoo tunajuana. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mzaliwa wa Moshi, nauza vitenge kwa jumla. Nina mume na watoto wawili. Huwa nawacheka wanaoandika mambo yao mtandaoni. Leo ni zamu yangu, nichekeni.

Mwaka huu stoo yangu ya Msimbazi ilivunjwa mara mbili. Mlinzi alikuwepo mara zote mbili, amelala. Mume wangu akasema tutafute mbwa, ila awe jemani shepadi wa mbegu safi, siyo koko aliyepambwa kwa sifa. Kumpata ndiyo kazi. Muuzaji mmoja alinitumia picha za mtoto wa mbwa mzuri, nilipofika akanitolea mwingine kabisa, mkia umejikunja, eti akikua utanyooka. Wengine walikuwa nao wa kweli, lakini kwa bei zile unajiuliza kama mbwa anakuja na kiwanja. Ndipo mteja wangu akanielekeza kwa mzee mmoja wa Ilala, mstaafu wa bandarini, anayefuga jemani kwa miaka mingi na kuuza kwa bei ya kibinadamu.

Nilimkuta uani kwake akiongea na kaka mmoja mwenye gereji. Mama wa wale watoto wa mbwa alikuwepo, baba yao alikuwepo, kadi za chanjo ziko mezani. Bei ilikuwa nusu ya wengine. Lakini mzee hakumuuzia kila mtu. Alimuuliza yule kaka, "Anakwenda kuishi na nani?" Kaka akajibu ni wa kulinda gereji. Mzee akamwambia kwa upole, "Hapana, mwanangu. Wangu hawaendi kwenye mnyororo, wanakwenda kwa mtu." Akamsindikiza mpaka getini.

Kisha akanigeukia mimi. Nimezoea biashara, jibu halinipotei. Nikasema namtafutia baba yangu, yuko Moshi peke yake tangu mama afariki, hana hata wa kuongozana naye shambani. Ndugu zangu, aliyefariki ni baba, mwaka wa nne sasa. Mama yuko hai na ana afya kunizidi mimi. Kwa pumzi moja nilimzika mzima nikamfufua marehemu. Machozi yakanitoka palepale, na hayo hayakuwa ya uongo. Mzee akapunguza bei tena, akasema, "Mpe pole baba. Na mimi mke wangu alitangulia, najua nyumba inavyokuwa."

Mbwa amekua, yupo stoo. Mchana anafungwa mnyororo, kwa sababu makuli wanamwogopa, na majirani zangu wengi ni Waislamu, hawataki awaguse wakiwa wanakwenda kuswali. Hawana kosa. Mwenye kosa ni mimi, na kila nikimwona amelala pale roho inaniuma.

Nilidhani yameishia hapo. Jumapili ya kwanza mzee akapiga simu. "Binti yangu, mzee mwenzangu hajambo? Wameelewana na mtoto?" Nikasema wameelewana sana. Jumapili iliyofuata akapiga tena, na nyingine, na nyingine. Alipoomba kuongea na baba nikasema kijijini mtandao unasumbua. Basi nikawa namsimulia mwenyewe. Kwamba baba ameshinda anapunguza migomba, mbwa kalala pembeni. Kwamba hali chakula mpaka baba anawe mikono. Sasa nawaambia jambo ambalo hata mume wangu halijui: nilianza kuzisubiri Jumapili. Katikati ya wiki nampimia mteja kitenge huku nawaza baba leo afanye nini.

Wiki iliyopita mzee kapiga siku ya kazi. Watoto wake wanamhamishia kwao, ghorofani, hapana uwanja. Mbwa wengine amewagawa, amebaki na yule mama. "Huyu siuzi. Nampa baba yako, amlee pamoja na mwanawe. Kuna fuso la mpwa wangu linapanda Moshi Jumamosi ijayo, na mimi nitapanda nalo. Nataka nimkabidhi mkononi, tunywe naye chai." Nikasema baba anaumwa. Akajibu, "Basi ndiyo nije haraka." Na kwetu tunazika nyumbani. Kaburi la baba, lenye jina lake na msalaba, liko hatua chache kutoka mlangoni.

Mume wangu anasema, "Mblock tu, asikupigie. Mbwa tulimlipia, siyo wa kuazima." Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imefika mwisho. Jana nikampigia mama, nikamweleza yote.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekufa," akasema.

"Nisamehe, mama."

Halafu akaniuliza, "Na Jumapili iliyopita, ulimwambia baba yako alifanya nini?"

Nikamwambia alipogolea kahawa, akarudi amechoka, akaomba mtori wa ndizi. Nikamsikia mama analia taratibu. Kisha akasema, "Nisimulie na ya Jumapili ile nyingine."

Jumamosi ni keshokutwa. Mzee ameshanitumia picha, kamwogesha mbwa kwa ajili ya safari. Akitaka kumchukua na yule wa stoo nitampa, sitabishana. Ninachoogopa siyo kumpoteza mbwa wala kutukanwa. Naogopa kumwambia mzee kwamba baba amekufa, maana mara ya kwanza nilipewa habari hiyo na wengine, sasa ni mimi ninayetakiwa kuitamka. Nishaurini ndugu zangu, nimwambieje?