Redio Arobaini na Moja za Sylvanus

Sylvanus Shitanda, fundi wa redio wa Amalemba, hakuwa mtu wa kutulia, lakini barua aliyoipata mwaka 1996 ilimkosesha raha kabisa. Aliisoma akitembea, kutoka mezani hadi mlangoni na kurudi. Muuza vipuri wa Nairobi alimwandikia kwamba chipu ya zile redio kubwa za zamani haitatengenezwa tena. Kiwanda cha ng'ambo kilikuwa kinaacha visahani vya silikoni vya inchi sita, ambavyo hukatwa kuwa chipu, na kuhamia vya inchi nane. Akitaka mzigo wa mwisho, chipu mia moja, alipe kabla ya Ijumaa.

Kwenye rafu zake redio arobaini na moja zilikuwa zikisubiri chipu hiyo hiyo.

"Kisahani kikiwa kikubwa si kinatoa nyingi zaidi?" akafoka. "Mbona sisi watunyime?"

Mkewe, Beldina, alikuwa akikata mandazi ya kuuza. "Baba Phoebe, hata mimi si nilifanya hivyo? Karai dogo lilikuwa linatoa kumi. Hili linatoa ishirini, na moto ni karibu ule ule. Lakini kulinunua kuliniumiza. Sasa yule mwalimu mteja wangu anatakanga matatu tu, ya mviringo, nimwekee karai lote? Siku hizi simpikiangi."

"Basi mimi ndiye huyo mwalimu," Sylvanus akasema. Akatoka nje, akarudi, akatoka tena.

Pesa pekee zilizokuwapo zilikuwa za mabati, maana paa lao lilivuja na hapa kwetu mvua ya alasiri haikosi. Alizituma Alhamisi. Mimi jirani yao nilijua hasira ya Beldina kwa jinsi alivyousukuma ule unga.

Chipu zilipofika, Sylvanus alizitengeneza redio zote, akapeleka habari hadi Malava na Butere. Wenyewe waliokuja walikuwa sita. Wengine walikuwa wameambiwa "njoo Ijumaa" kwa miaka miwili, wakachoka, wakajinunulia vijiredio vipya vya bei ya kuku, vyenye chipu za visahani vile vikubwa. Alikuwa amehesabu redio, hakuwahesabu wenyewe. Nilimwonea huruma, ingawa nami nilikuwa nimeshanunua changu.

Alasiri moja nilimkuta amewasha zote thelathini na tano, eti anazijaribu. Mvua ilikuwa inapiga. Redio alikuwa amezifunika kwa nailoni. Yeye mwenyewe ameketi panapovuja, ametulia kwa mara ya kwanza. Kila rafu ikatoa sauti ile ile: mvua itaendelea Magharibi hadi mwisho wa mwezi.

Beldina akaja na beseni, akaliweka karibu na miguu ya mumewe.

"Angalau tumesikia vizuri," akasema.