Iko Mwiba Tu

Mume wangu hakuwahi kushika bunduki, lakini kila alasiri aliua watu mpaka sauti ikamkauka. Tulikuwa na chumba cha video karibu na soko la Gisenyi, Rwanda: televisheni, deki, mabenchi na jenereta yenye kikohozi. Mikanda ilitoka Goma, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, michezo ya makomando wa Kizungu, na yeye ndiye aliyekuwa mfasiri. Kiingereza alikuwa hajui hata cha kuombea maji. Alisimama kando ya televisheni akawatungia makomando wale maneno kwa Kiswahili cha Goma alikokulia, na bunduki zikilia alipiga kifuniko cha sufuria kwa mwiko. Mimi niliyekulia Tanzania nilimcheka, naye akasema Kiswahili changu kinanuka chaki.

Komando mkuu alikuwa na mikono minene kama mapaja yangu. Risasi zake hazikuisha, na za adui zake zilimkwepa kwa heshima. Watu walipenda zaidi pale kipande cha chuma kilipomwingia pajani. Aliuma mkanda wa suruali, akakishika chuma, akakivuta, akakitupa, kisha akainuka na kukimbia. Hapo mume wangu aliinua mwiko juu: "Iko mwiba tu!" Yaani chuma kile ni mwiba tu, na chumba kizima kililipuka kwa shangwe.

Nje mambo yalikuwa mengine. Mwishoni mwa miaka ile ya tisini, kupita barabara ya Kanama kulikuwa kufa na kupona. Watu wenye bunduki walijificha kwenye migomba, wakayashambulia magari, wakachinja abiria na kutokomea. Tulifunga chumba kabla giza halijaingia. Lakini viazi vyetu vilitoka kwa mama mkwe huko Kanama, na tumbo halijui vita.

Asubuhi moja tulikuwa tunarudi na gunia letu katika basi dogo. Mbele yetu alikaa askari aliyekuwa anatoka likizo, kijana mwembamba mwenye buti za mpira, akitetemeka kwa malaria. Mume wangu alininong'oneza, "Bon, na huyu naye ni komando?" Nikacheka. Ndicho kicheko chetu cha mwisho pamoja.

Mlipuko ulirarua mlango. Dereva alilalia usukani, nusu ya uso wake haipo. Gari likaingia mtaroni, na risasi zikapita kwenye mabati kama vile hayapo. Mwanamke wa nyuma yangu aliita jina la Yesu mara moja, akanyamaza. Yule askari alituvuta sakafuni kwa nguo, mmoja mmoja. Alikuwa analia. Kamasi zilimtoka, suruali imelowa, lakini alitoa bunduki dirishani akapiga risasi, akangoja, akapiga nyingine, kwa uchoyo, maana alikuwa nazo chache. Hakusema neno lolote la kishujaa.

Ndipo nikaona kipande cha mlango kimesimama kwenye paja la mume wangu. Damu ilikuwa kidogo tu, inachuruzika. Alikitazama, kisha akanitazama mimi, na nikaona anakumbuka la kufanya.

"Papa, ngoja," nikamwambia, maana ndivyo nilivyozoea kumwita.

"Mama, we acha kulia. Iko mwiba tu."

Akauma mkanda wake. Akavuta.

Damu iliruka mpaka kwenye dari, ikanipiga usoni, ya moto. Askari aligeuka, akatupa bunduki, akamrukia na kulikandamiza paja kwa goti. "Nani alikwambia ukitoe? Nani alikwambia?" Akanipigia kelele, "Mama, leta kitenge! Jaza humo ndani! Kandamiza!" Nilikisokomeza kitenge changu kwenye nyama ya mume wangu kwa vidole hivi. Kikajaa, kikavuja. Milio ikasogea mbali, ikakoma. Mume wangu alikuwa ameuma mkanda bado. Hakufika hospitali. Nilimkasirikia kuliko nilivyowakasirikia waliotuvizia, na mpaka leo namkasirikia.

Baada ya matanga wateja walikuja mlangoni kunipa pole, kisha kuuliza chumba kitafunguliwa lini. Nilihitaji kula, nikafungua. Nikamchukua mfasiri mpya, mmoja wa wateja wetu wa zamani, aliyeyajua maneno yote ya mume wangu kwa moyo. Nilikaa nyuma na kikapu changu cha karanga.

Mkanda ukafika pale. Komando ameanguka, chuma pajani. Mfasiri mpya akainua mwiko uleule, na chumba kizima kikasema pamoja naye, "Iko mwiba tu!"

Karanga zikamwagika. Nilikuwa nimesimama, napiga kelele: "Papa, kiache! Kiache humo!"

Wote wakageuka kunitazama. Nyuma yao, kwenye televisheni, komando alikuwa amekwisha kukitupa na alikuwa anakimbia.